Kinachotoka getini mwetu: shajara ya mradi wa ofisi, Bukavu

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Leo barua ya kuanzisha mradi imetiwa saini. Ni ukurasa mmoja tu: kiwanja chetu cha ofisi ya serikali kipunguze mazuti (dizeli), makala (makaa ya kupikia), plastiki, karatasi na maji machafu yanayotoka humu ndani, na mimi, mshika lojistike, niandike kila hatua katika daftari hili ili biro (ofisi) nyingine za mkoa zichukue zinachoona kinafaa.

Kwa msomaji asiyeijua Bukavu, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo: mji umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu, na nyuma yake ni vilima. Ziwa liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi wote tumekaa juu yake, mteremkoni. Kiwanja chetu kiko komuni ya Ibanda. Kina majengo matatu, moja la enzi za Wabelgiji, na mfereji mmoja unaopita chini ya ukuta, unashuka na avenue (barabara ya mtaa), kisha unaishia ziwani. Hakuna kitu kinachodondoka hapa uani ambacho mvua haiwezi kukifikisha majini.

Na maji ya ziwa hayatulii. Yana njia moja ya kutokea, mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Kilomita chache kutoka chanzo chake ndipo lilipo bwawa la Ruzizi ya Kwanza, la mwishoni mwa miaka ya 1950, ambalo SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, inalitumia kutupatia umeme. Takataka za mji zinasukumwa na maji hadi mbele ya bwawa, chupa na vifuko vinaziba njia ya mitambo, mashine zinasimamishwa, wapiga mbizi wanashuka kusafisha. Mashine zikisimama, mji unaingia delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika, sisi tunawasha jenereta. Kwa hiyo chupa iliyotoka kwenye mkutano wetu ina sehemu yake katika mazuti tunayochoma baadaye. Ndiyo sababu mpango wangu unaanzia kwenye mfereji, ingawa kila anayenikuta koridoni ananiulizia paneli za jua.

Tena kuna sheria. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 iliweka kanuni za msingi za kulinda mazingira. Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Vifuko vyeusi bado vinauzwa kila kona, Nyawera hadi soko la Kadutu. Mimi naamini mwananchi anatazama kwanza uani kwa serikali kabla ya kusoma dekreti yake. Mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kando ya barabara hawezi kuambiwa aache kifuko na watu ambao chakula chao cha mchana kinaingia getini ndani ya kifuko hicho hicho.

Alhamisi, 14 Septemba

Tumepima takataka za juma zima. Tulitandika turubai nyuma ya jengo la tatu, tukaazima mizani, na vijana wawili wa usafi wakavaa glavu. Kwa uzito, zaidi ya nusu ni mabaki ya chakula na majani ya bustani. Kinachofuata ni karatasi. Plastiki ni nyepesi sana kwenye mizani, ila ukiirundika peke yake inafika kiunoni, na hiyo ndiyo inayoelea. Kama tungeangalia kilo peke yake tungesema plastiki haina shida hapa, na tungekuwa tumejidanganya.

Kitu ambacho sikukitarajia: betri ndogo za tochi za walinzi na katriji za printa zilikuwa zimechanganywa na maganda ya ndizi. Kuanzia kesho zina ndoo yake yenye kifuniko, stoo, mbali na watoto wanaokuja kuwasubiri wazazi wao.

Jumatatu, 25 Septemba

Daftari la jenereta. Siku kadhaa nimekaa na Papa, mzee anayeliangalia jenereta, tukisoma kurasa za miezi iliyopita. Yeye ndiye anayeujua mtambo huo kuliko sisi wote, na ameandika kila saa kwa mkono wake, kwa unadhifu ambao ningependa kuuona katika biro zote.

Jenereta letu ni la kVA 20. Kwa wastani linawaka saa 5 kwa siku ya kazi, linakunywa karibu lita 2 kwa saa, basi lita 10 kwa siku, lita 220 kwa mwezi. Lita moja ya mazuti ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Zidisha: karibu kilo 600 kila mwezi, bila kuhesabu moshi mweusi unaoingia madirishani kwa sekretari na kwa shule iliyo upande wa pili wa ukuta.

Lililo zito zaidi ni hili. Tumekwenda na kifaa cha kupima umeme wakati jenereta linawaka, tukakuta mzigo ni mdogo mno: kompyuta, taa chache, mashine ya intaneti, na friji moja ya kantini. Mara fotokopi inapopasha moto, mshale unapanda, kisha unashuka tena. Jenereta kubwa likibebeshwa mzigo mdogo namna hiyo halichomi mazuti vizuri: masizi yanajaa kwenye injini, oili inachafuka mapema, na moshi unazidi. Papa aliniambia: "Mama, hii mashine iko nguvu ya nyumba makumi. Sisi tunaiamsha sababu ya taa tatu."

Uamuzi wa leo, usiohitaji hata faranga moja: fotokopi zote za siku ya delestaji zinakusanywa na kufanywa kwa saa moja, saa tano hadi saa sita mchana. Jenereta linawaka saa hiyo na linazimwa. Wenye kompyuta za mkononi wanachaji hapo hapo. Biro mbili zimelalamika. Mkuu wa Divisheni amezihamishia fotokopi zake mwenyewe saa hiyo hiyo, na malalamiko yamekwisha.

Jumanne, 10 Oktoba

Chupa za plastiki zimetoka mikutanoni. Hili lilihitaji mazungumzo marefu kuliko nilivyofikiri, na waliouliza maswali walikuwa na haki ya kuuliza. Kivu Kusini ni nchi ya kipindupindu. Kila mtu hapa ana ndugu aliyewahi kulazwa. Chupa iliyofungwa kiwandani imekuwa kwetu alama ya usalama, na mgeni anayekuta glasi tupu mezani anajiuliza maji yametoka wapi. Mtu akimwondolea mgeni chupa lazima ampe maji anayoweza kuyaamini.

Tumefanya hivi: maji ya REGIDESO, kampuni ya maji ya taifa, yanapitishwa kwenye vichujio vya udongo, yanatiwa klorini kwa kipimo, yanakaa nusu saa, kisha yanawekwa kwenye mitungi ya lita 20 yenye bomba. Kila mtungi una karatasi yenye tarehe ya kujazwa na jina la aliyejaza. Hatuchemshi, maana kuchemsha kwetu ni makala, na makala yana ukurasa wake huko mbele. Glasi zinaoshwa kantini. Wakati umeme upo, mitungi yote inajazwa asubuhi mapema kabla bomba halijakauka.

Katika mkutano wa leo wajumbe kutoka Walungu na Kalehe walikunywa bila shaka yoyote baada ya kuoneshwa mtungi. Mmoja, mzee wa heshima, aliomba anunuliwe kichujio kama kile apeleke kijijini kwake. Nimemwelekeza kwa fundi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Siku ya salongo (usafi wa pamoja wa wakazi), na siku ya kufunga chujio la mfereji.

Fundi wa kuchomelea alitengeneza wavu wa nondo unaoingia kwenye mfereji kabla haujapita chini ya ukuta. Nafasi kati ya nondo ni vidole viwili: maji na mchanga vinapita, chupa haipiti. Umewekwa kwa mwinamo, ukielekea juu, ili takataka zipande kando badala ya kuziba katikati. Kuna mnyororo wa kuunyanyua, kwa sababu mvua za Bukavu zinakuja na udongo, na chujio lisilonyanyuliwa haraka linageuka ukuta, maji yanarudi ndani ya jengo. Mlinzi wa zamu ndiye mwenye jukumu hilo usiku, na tumempa buti, koti la mvua na tochi. Haikuwa haki kumwongezea kazi bila vifaa.

Mvua ilinyesha alasiri hiyo hiyo. Tulisimama tukiangalia. Ndani ya saa moja wavu ulijaa, tukanyanyua, tukatoa, tukarudisha. Na hapo tukaona jambo ambalo lilibadilisha mpango wote: nyingi ya takataka zile hazikuwa zetu. Chupa za soda, kandambili, nguo, vifuko vya makala, vyote vilitoka juu, kwenye avenue zilizo nyuma yetu, vikipitia tundu la ukuta wa juu.

Wengine walipendekeza tuzibe tundu hilo. Nilikataa. Maji yana haki ya kupita, na ukimzuia jirani wa juu maji yake yataingia nyumbani kwake au yatachimba njia nyingine, na sote tunajua ardhi ya mji huu inavyoondoka. Watu wa mitaa ya Funu na Cimpunda wamezika ndugu kwa sababu ya udongo uliotelemka. Kwa hiyo jioni tulipanda kwa shefu (kiongozi) wa avenue, mimi na Papa wa jenereta, tukiwa na gunia moja la vile tulivyovitoa. Tulimwamkia, tukakaa, tukazungumza kwanza habari za familia kama inavyopasa. Kisha tukafungua gunia. Hakukasirika. Alisema nyumba nyingi hazina mahali pa kutupa, na vijana wanaopita na mkokoteni wanataka malipo ya kila mwezi ambayo mjane hawezi kuyatoa.

Tumekubaliana: vijana wa mkokoteni watachukua takataka zetu kwa mkataba wa malipo ya uhakika, na kwa mkataba huo huo watapita bila malipo kwenye nyumba alizozitaja shefu mwenyewe. Kwetu nyongeza ni ndogo. Kwao mteja wa serikali anayelipa kila mwezi ni kitu kikubwa, ndiyo maana nimemwomba mhasibu mara mbili, na nitamwomba tena, malipo yao yasicheleweshwe.

Ijumaa, 17 Novemba

Maji ya paa. Hesabu yake ni nyepesi hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jengo la pili, lenye mabati mapya, lina mita za mraba 240. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu mwezi huu si ajabu, inaangusha lita 4,800. Hata tukipoteza sehemu ya tano kwenye mifereji ya paa na michiriziko, matangi yetu mawili ya lita 2,000 yatakaribia kujaa kwa siku moja. Maji hayo ni ya vyoo, kudeki, bustani na kuoshea magari. Yanapunguza pia nguvu ya maji yanayogonga mfereji wa chini.

Mvua ya mwanzo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Fundi ameweka bomba la pembeni lenye kizibo: maji ya kwanza yanajaza bomba hilo, na yakijaa ndipo yanayofuata yanakwenda tangini. Baada ya mvua unafungua kizibo, unamwaga. Rahisi, na linafanya kazi.

Jengo la kwanza, lile la zamani, hatukuligusa, na nataka mafundi wa biro nyingine wasome hapa kwa makini. Paa lake si bati. Ni vigae vipana vya saruji iliyochanganywa na asbesto, kama majengo mengi ya kabla ya uhuru. Vikiwa vizima vimetulia. Ukivitoboa, ukivikata kwa msumeno au kuvisugua kwa brashi ya chuma, vinatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki, na baada ya miaka mingi zinaleta saratani. Fundi mmoja alikuwa tayari amepanda na toboo mkononi kufunga mfereji wa paa. Tumemshusha. Kwenye ngazi ya dari sasa kuna bango: hapa hatutoboi, hatukati, hatufagii vikiwa vikavu. Vigae vilivyovunjika vimelowanishwa, vimefungwa mara mbili kwa turubai na kuwekwa mahali palipofungwa. Kulibomoa paa lile ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vya kujikinga, na ombi lake limeandikwa peke yake.

Jumatano, 6 Desemba

Kantini. Nimeuacha ukurasa huu mwisho wa mwaka kwa sababu ni wa mtu mmoja zaidi ya vyote: Mama wa kantini anaishi kwa kazi hii, na mradi unaoanza kwa kumwongezea gharama hautadumu.

Makala ya Bukavu yanashuka kutoka vilimani, Kabare, Kalehe na mbali zaidi, na sehemu yake inatoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Mbuga hiyo iliundwa mwaka 1970, UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndimo wanamoishi gorila wa nyanda za mashariki, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo. Tanuru ya udongo ya kienyeji inakula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya makala. Gunia moja likiingia getini, nyuma yake kuna mti uliolala.

Tulikaa na Mama asubuhi nzima kando ya mbabula (majiko ya makala) zake tatu. Nilimuuliza chakula gani kinakula makala zaidi.

"Maharagi, Mama Lojistike. Bugali ni ya dakika. Sombe inakawia, lakini maharagi inanimaliza."

Basi tumeanza na maharage. Yanalowekwa usiku, maji ya kuloweka yanamwagwa, yanachemka asubuhi kwenye sufuria yenye kifuniko kizito hadi yanapoanza kulainika, kisha sufuria inatolewa motoni na kuzikwa kwenye kapu kubwa lililojazwa matambara na majani makavu ya migomba. Humo yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe hadi mchana. Mama hakuamini, na alikuwa na mbabula ya akiba pembeni endapo yangegoma. Hayakugoma. Mbabula mbili kati ya tatu zimebadilishwa kwa zile zenye ukuta wa udongo ndani, zinazoshika joto. Kwa hesabu yake mwenyewe, gunia alilokuwa akilimaliza kwa juma moja sasa linafika karibu siku kumi. Hiyo ni pesa inayobaki mkononi mwake, na ndiyo hoja iliyowavuta akina mama wengine watatu wa avenue kuja kuangalia kapu.

Mbabula ya tatu bado ni ya bati, kwa ajili ya kukaanga sambaza. Anataka moto mkali wa haraka, na yuko sahihi.

Alhamisi, 25 Januari 2024

Mwezi wa uchaguzi na sikukuu biro zilikuwa nusu tupu, hakuna la kupima.

Karatasi, kwa ufupi. Rimu ya A4 ina karatasi 500 na uzito wa kilo 2 na nusu. Printa zote sasa zinachapa pande mbili bila kuulizwa. Kubadili kunahitaji saini ya mkuu wa biro. Rasimu zinasomwa kwenye kompyuta. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja zinakatwa na kushonwa kuwa madaftari ya walinzi na ya jenereta. Nyaraka za kumbukumbu haziguswi wala hazichomwi: kumbukumbu za serikali zina utaratibu wake, na kusafisha mazingira si kibali cha kuchoma historia ya watu.

Jumanne, 20 Februari

Mteremko wa nyuma. Mtunza bustani amepanda mistari miwili ya vetiveria inayofuata usawa wa kilima, na kati yake majani ya tembo na kaliandra. Mizizi ya vetiveria inashuka chini mita kadhaa, inashika udongo, na juu inakuwa kizuizi kinachopunguza mbio za maji. Kaliandra inarudisha rutuba, na majani yake yanapendwa na mbuzi, hivyo majirani wameomba vipandikizi tayari.

Mboji imeiva. Mabaki ya kantini na majani yanarundikwa kwa tabaka kwenye visanduku vitatu vya mbao, yanapinduliwa, yanafunikwa yasilowe sana. Hayana harufu mbaya isipokuwa mtu akitia nyama na samaki, ndiyo maana vichwa vya sambaza vina ndoo yake na vinakwenda kwa mfugaji wa nguruwe. Mboji ya kwanza imekwenda kwenye lenga-lenga (mchicha) nyuma ya kantini. Ile nusu ya takataka tuliyoipima Septemba haitoki tena getini.

Oili chafu ya jenereta: mtunza bustani aliiomba kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, kama ifanyikavyo mji mzima. Nimemnyima, na nimemweleza kwa nini: mvua inaitoa kwenye nguzo, inaiingiza ardhini na ziwani, na humo mna metali na sumu za injini. Inakaa kwenye bidoni (madumu) zilizofungwa vizuri, juu ya sinia la bati, hadi apatikane anayeipokea kwa njia halali. Nguzo zitabadilishwa kuwa za miti inayostahimili mchwa.

Ijumaa, 29 Machi

Sasa paneli za jua, zile ambazo kila mtu aliziulizia tangu Septemba. Nafurahi tulisubiri, kwa sababu mtambo tunaoweka leo ni chini ya nusu ya ule ambao tungeununua wakati ule.

Kwanza tulipunguza mzigo. Taa za mirija za wati 36 zimepisha za LED za wati 18 zenye mwanga ule ule. Kompyuta za meza zilizokufa tangu Oktoba hazikurudishwa. Nafasi yake imechukuliwa na za mkononi, zinazokula chini ya nusu ya umeme na zina betri yake. Friji ya kantini imebadilishiwa mpira wa mlango. Kisha fundi akatenganisha nyaya: njia moja ya vitu ambavyo havipaswi kuzimika, yaani intaneti, taa za koridoni, kompyuta za sekretarieti na za fedha, na njia nyingine ya fotokopi, pasi ya fundi na kila kinachopasha moto. Njia ya kwanza peke yake ndiyo iliyofungwa kwenye jua.

Paneli ni 6, kila moja wati 400, jumla kilowati 2.4. Kwa saa 4 za jua kamili kwa siku, ambazo ni kadirio la tahadhari kwa mji wenye mawingu kama huu, tunapata kilowati-saa 9.6, na baada ya kinachopotea njiani kama 7. Zinatosha kwa njia ya kwanza. Tuko kusini ya ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu, hivyo mwelekeo hausumbui sana. Zimeelekezwa kaskazini kidogo, kwa mwinamo wa kutosha mvua ioshe vumbi. Zimefungwa jengo la pili. La kwanza, kwa ajili ya asbesto, haliguswi hata kwa paneli.

Betri ni za lithiamu, za aina ya chuma na fosfati. Zile za risasi na asidi zilikuwa nafuu dukani, lakini zikishushwa sana kila siku zinakufa ndani ya miaka michache, na betri ya risasi iliyokufa ni mzigo mbaya: watu wanaivunja uani kwa nyundo, wanamwaga asidi, wanayeyusha risasi kwenye sufuria, na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto. Stoo tayari tuna betri za namna hiyo kutoka kwenye vifaa vya zamani. Hazitauzwa kwa mkokoteni unaopita.

Radi nayo. Uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapo juu ya mji, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mtu anayefunga paneli Bukavu bila waya mnene wa ardhini na vizuia radi pande zote mbili za inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa matumizi ya kawaida) anaiweka pesa ya umma juani iungue. Kipengele hicho kilikuwa kimeondolewa kwenye bei ya kwanza tuliyopewa ili ionekane ndogo. Tumekirudisha.

Pesa ilitoka wapi? Sehemu kubwa ni akiba ya mazuti tangu ile saa moja ya fotokopi ianze, ambayo Mkuu wa Divisheni aliiomba kwa maandishi isirudishwe kwenye matumizi mengine. Barua hiyo imebandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa yeyote atakayetaka kuinakili.

Jumanne, 30 Aprili

Mwezi mzima wa kwanza wa paneli. Jenereta limechoma lita 58. Wiki moja delestaji ilikuwa ndefu, na biro zote zilifanya kazi hadi jioni bila kulisikia. Sekretari amefungua madirisha ya upande wa ua. Mwalimu wa shule ya jirani amemsalimu Papa wa jenereta na kumwambia sasa anafundisha bila kupaza sauti. Papa ana kazi mpya: anaandika vipimo vya betri asubuhi na jioni, kwa unadhifu ule ule, na kijana mmoja anajifunza kwake.

Chujio la mfereji: takataka zinazotoka avenue za juu zimepungua sana, ingawa hazijakwisha. Nyumba kadhaa bado ziko nje ya njia ya mkokoteni kwa sababu haipandi ngazi. Shefu wa avenue anatafuta kijana mwenye mgongo imara na magunia. Tutamlipa.

Jumatatu, 10 Juni

Kiangazi kimeingia, hakuna mvua ya maana hadi Septemba. Matangi mawili yamejaa. Vyoo vina kipaumbele, bustani inamwagiliwa jioni kwa kopo na si kwa mpira, magari yanapanguswa kwa kitambaa kilicholowa. Kila Jumatatu tunapima kimo cha maji kwa fimbo na kuandika.

Wageni kutoka biro mbili za mkoa wamekuja wiki hii kuangalia. Wamekaa muda mrefu kuliko kote kwenye kapu la maharage na kwenye daftari la jenereta. Moja imeomba nakala ya jedwali la saa na lita, nimewapa. Nimewaomba nao waniletee idadi ya betri za risasi zilizolala kwenye stoo zao, maana mzigo wa biro moja ni mdogo mno kwa mnunuzi halali kupandisha gari hadi huku, na mizigo ya biro tatu ikiwekwa pamoja huenda ikamtosha. Orodha ya kwanza inatakiwa mezani kwangu kabla ya tarehe 28.